Kamera bila seva ni pambo: Hesabu ya ulinzi wa duka na nyumba Moshi

MFANYABIASHARA anayefunga duka lake jioni karibu na Soko Kuu la Moshi, na mwenzake mwenye nyumba Marangu au Kibosho ambaye huonekana kijijini kila Desemba tu, wana tatizo moja. Mali ipo, mwenye mali hayupo. Kwa miaka mingi jibu lilikuwa mlinzi, mbwa na ukuta wenye vipande vya chupa juu yake. Siku hizi kamera zimeongezeka, na bei yake imeshuka kiasi kwamba hata mwenye duka la rejareja anaweza kununua moja au mbili.

Hata hivyo, kamera yenyewe hailindi kitu. Kinacholinda ni kumbukumbu, yaani picha zilizohifadhiwa vizuri, zenye tarehe na saa sahihi, ambazo zinaweza kutazamwa siku tatu baada ya wizi kugundulika na kukabidhiwa polisi zikiwa kamili. Kazi hiyo hufanywa na seva ya video. Somo la wiki hii linaeleza namna ya kuunda seva hiyo kwa fedha kidogo, na zaidi ya hapo, namna ya kupiga hesabu zake kabla ya kutoa hata shilingi moja.

Kwa wakazi wa miteremko ya Kilimanjaro sababu ya kupiga hesabu hizo iko wazi. Februari 2025 bei ya kahawa ya arabika katika soko la New York ilivuka dola 4 za Marekani kwa ratili, kiwango ambacho soko hilo halikuwa limewahi kukiona. Ratili moja ni gramu 454, hivyo gunia la kilo 60 la kahawa safi lilikuwa na thamani ya zaidi ya dola 500 katika soko hilo. Mkulima hapati bei hiyo yote. Kuna kukoboa, usafiri, makato na madaraja ya ubora. Lakini bei zinapofika huko, magunia kumi ya kahawa ya maganda yanayosubiri kupelekwa chama cha msingi si mali ya kuachiwa kufuli moja.

SEVA NI NINI

Kamera ya mtandao ni kompyuta ndogo yenye jicho. Ya kwanza kuuzwa ilitolewa mwaka 1996 na kampuni ya Axis ya Sweden. Tofauti na kamera za zamani zilizotuma picha kwenye televisheni, hii hutuma picha kwa waya wa mtandao au kwa Wi-Fi, na kompyuta yoyote iliyoruhusiwa inaweza kuzipokea.

Seva ni kompyuta inayokesha. Inapokea picha kutoka kamera zote, inaziandika kwenye diski, na diski ikikaribia kujaa inafuta za zamani zaidi na kuendelea. Haihitaji kioo wala kibodi baada ya kufungwa. Inahitaji umeme, diski na mahali pa kujificha.

Mwenye kamera ana njia tatu za kuhifadhi picha. Ya kwanza ni kadi ndogo ndani ya kamera. Ni rahisi, lakini mwizi anayeng'oa kamera anaondoka na ushahidi. Ya pili ni kutuma picha kwenye seva za mtengenezaji nje ya nchi na kulipa ada kila mwezi. Ya tatu ni kurekodi hapo hapo, ama kwa kisanduku kilicho tayari ambacho madukani huitwa NVR, ama kwa kompyuta iliyogeuzwa kuwa seva.

Kisanduku cha NVR kinamfaa asiyetaka kusumbuka na programu. Kompyuta inamfaa mwenye mashine ya zamani tayari, mwenye kamera za kampuni tofauti, au anayetaka kifaa ambacho fundi yeyote wa kompyuta mjini anaweza kukibadilishia diski au adapta bila kusubiri kipuri maalumu.

Jambo moja la kuangalia kabla ya kununua kamera ni maneno yaliyo kwenye boksi. Mwaka 2008 kampuni za Axis, Bosch na Sony zilianzisha umoja uitwao ONVIF ili vifaa vya watengenezaji tofauti viweze kuelewana. Kamera yenye ONVIF na RTSP itakubali kufanya kazi na seva ya mwenye nyumba. Kamera inayozungumza na programu ya simu ya mtengenezaji peke yake inamfunga mnunuzi: siku ada ikipanda au huduma ikifungwa, kamera inabaki pambo ukutani.

HESABU YA KWANZA: INTANETI

Kamera ya kawaida ya megapikseli 2 inaweza kupangwa itumie megabiti 2 kwa sekunde. Kuna njia nyepesi ya kupata ukubwa wa kumbukumbu zake: zidisha megabiti kwa sekunde mara 10.8, jibu ni gigabaiti kwa siku. Kwa hiyo kamera moja inatoa gigabaiti 21.6 kwa siku, na kamera nne gigabaiti 86.4. Kwa mwezi wa siku 30 ni gigabaiti 2,592.

Atakayetaka kutuma mzigo huo wote nje kwa bando la simu anajidanganya. Hata penye intaneti ya waya isiyo na kikomo, zinahitajika megabiti 8 kwa sekunde za kupandisha, usiku na mchana, bila kukatika. Mei 12, 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika kwa wakati mmoja na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizopata pigo kubwa. Kamera zilizotegemea seva za ng'ambo zilikuwa hatarini kupoteza picha siku hizo. Kamera iliyounganishwa kwa waya na seva iliyo chumba cha pili haikuhitaji kujua kama kuna bahari.

Hivyo kanuni ya kwanza ni hii: picha zirekodiwe nyumbani, na intaneti itumike kwa taarifa fupi tu.

HESABU YA PILI: DISKI

Swali la kwanza kuhusu diski ni la siku. Je, mwenye mali atagundua wizi baada ya siku ngapi? Dukani kila asubuhi kuna mtu, na hesabu ya bidhaa hufanywa kila wiki au kila wiki mbili. Siku 14 zinatosha. Kwa nyumba ya kijijini ambayo mwenyewe anapata habari kwa simu, siku 30 ni salama zaidi.

Kwa kamera nne za megabiti 2, mchanganuo ni huu:

Siku 7: gigabaiti 605
Siku 14: gigabaiti 1,210
Siku 30: gigabaiti 2,592

Diski ya terabaiti 1 inabeba siku 11 tu, nayo isijazwe hadi mwisho. Asilimia 10 ibaki wazi. Kwa siku 14 inunuliwe ya terabaiti 2, na kwa siku 30 ya terabaiti 3 au 4.

Yapo mambo mawili ya kupunguza gharama hii. La kwanza ni mtindo wa kubana picha. H.265, uliotoka mwaka 2013, ulikusudiwa kutoa picha ya ubora ule ule kwa takriban nusu ya ukubwa wa H.264. Kamera zenye mtindo huo zinaweza kuongeza siku za kumbukumbu kwenye diski ile ile. La pili ni idadi ya picha kwa sekunde. Picha 10 kwa sekunde zinatosha kumtambua mtu anayepita mlangoni. 25 ni za sinema.

Wengi hupendelea kurekodi pale tu kitu kinapojongea. Mjini, kwenye mlango wa stoo, utaratibu huo unafaa. Katika kihamba ni tabu. Majani ya migomba hucheza na upepo mchana kutwa, ukungu hushuka jioni, na usiku wadudu hufuata mwanga wa kamera huku buibui akitanda utando mbele ya kioo. Seva itahesabu yote hayo kuwa mwizi. Dawa yake ni kuziba sehemu za migomba ndani ya programu ili zisihesabiwe, kufuta kioo kila wiki, na kwa kamera ya ghala kurekodi muda wote.

Diski yenyewe iwe ya aina iliyotengenezwa kwa kazi ya ulinzi, yaani ya kuandikwa usiku na mchana. Diski iliyotolewa kwenye kompyuta ya mkononi ya mtumba inaweza kuanza kazi vizuri na kufa mwezi ambao wizi umetokea. Flashi haifai kabisa.

HESABU YA TATU: UMEME

Hapa ndipo wanunuzi wengi huumia, kwa kuwa gharama haionekani siku ya kununua. Kompyuta kubwa ya ofisi iliyotumika hupatikana kwa bei nafuu, lakini inaweza kula wati 60 saa zote. Kompyuta ndogo ya mezani, ile ya ukubwa wa kitabu, inaweza kufanya kazi hiyo hiyo kwa wati 15. Kamera nne za wati 5 kila moja ni wati 20, na ruta pamoja na swichi wati 10.

Mfumo wenye kompyuta kubwa: wati 90, sawa na uniti 64.8 kwa mwezi.
Mfumo wenye kompyuta ndogo: wati 45, sawa na uniti 32.4 kwa mwezi.

Chukua mfano wa nyumba ya wazee kijijini inayotumia uniti 40 kwa mwezi. Katika bei zilizopangwa mwaka 2016, mteja wa nyumbani wa kundi la D1 alitozwa shilingi 100 kwa uniti hadi uniti 75 kwa mwezi, na shilingi 350 kwa kila uniti iliyozidi hapo. Mteja wa kundi la T1 alitozwa shilingi 292 kwa kila uniti. Hizi ni bei kabla ya kodi na tozo, na msomaji alinganishe na risiti yake ya LUKU.

Kwa viwango hivyo, nyumba hiyo ilikuwa ikilipa shilingi 4,000. Ikifungwa mfumo wenye kompyuta ndogo, matumizi yanafika uniti 72.4 na malipo shilingi 7,240. Bado iko chini ya mstari wa uniti 75, ingawa zimebaki uniti 2.6 tu. Ikifungwa kompyuta kubwa, matumizi yanafika uniti 104.8 na malipo shilingi 17,930. Matumizi yakiendelea hivyo na nyumba ikahamishiwa T1, malipo yanakuwa shilingi 30,602.

Mzazi aliyekuwa akinunua umeme wa shilingi 4,000 hataelewa kwa nini sasa unaisha kabla ya wiki moja. Atakachofanya ni kung'oa plagi ya "hilo lidude", na ulinzi umekwisha. Hivyo uchaguzi wa kompyuta ndogo unaamua kama seva itaendelea kuwaka au la.

Kwa duka la mjini lililo kwenye T1, tofauti ya mifumo miwili ni uniti 32.4, yaani shilingi 9,461 kwa mwezi au 113,530 kwa mwaka. Ikiwa kompyuta ndogo ni ghali kuliko kubwa kwa shilingi 120,000, fedha hiyo inarudi katika miezi 13. Baada ya hapo ni faida. Aidha, kila kamera inayoongezwa inakula uniti 3.6 kwa mwezi, hivyo kamera isiyo na kazi maalumu isifungwe.

HESABU YA NNE: BETRI NA RADI

Mwizi mwenye akili huanza na umeme. Na hata pasipo mwizi, umeme hukatika. Aprili 1, 2024 hitilafu katika Gridi ya Taifa iliacha sehemu kubwa ya nchi gizani. Seva isiyo na betri inakuwa kipofu saa ile inayohitajika zaidi.

Betri ya volti 12 yenye ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200. Betri ya kawaida ya asidi isitumiwe zaidi ya nusu kama inatakiwa idumu, hivyo zipo wati-saa 600, na inveta inapoteza kama asilimia 15. Zinabaki 510. Mfumo wa wati 90 utakaa saa tano na nusu hivi. Mfumo wa wati 45 utakaa saa 11, yaani tangu jioni hadi karibu alfajiri. Hapa tena kompyuta ndogo inashinda. UPS ndogo ya mezani yenye betri ya ampea-saa 7 ni ya kuizima kompyuta kwa usalama tu, haikeshi.

Radi ni adui wa pili, hasa katika masika. Waya mrefu unaopita nje kutoka nyumbani hadi getini hubeba mshtuko wa radi mpaka ndani ya seva. Kila waya wa nje uwekewe kinga ya radi yenye waya wa ardhi ulioshuka kweli ardhini, si uliofungwa kwenye msumari. Waya wa mtandao usizidi mita 100 kutoka swichi hadi kamera. Kihamba kikiwa kirefu kuliko hapo, iwekwe swichi nyingine katikati, au waya wa faiba ambao nyuzi zake za kioo hazipitishi umeme. Inashauriwa kununua swichi ya PoE, ile inayopeleka umeme na picha kwa waya mmoja, kwa sababu betri moja iliyo ndani inawasha kamera zote za nje.

HATUA ZA KUUNDA SEVA

1. Tafuta kompyuta ndogo yenye kumbukumbu ya gigabaiti 4 au zaidi na tundu la waya wa mtandao. Isafishwe vumbi na iwekewe betri mpya ya saa, ile ya duara ya CR2032. Bei yake ni ndogo, lakini ikifa saa ya kompyuta hurudi nyuma kila umeme unapokatika.

2. Weka mfumo wa kompyuta kwenye diski ndogo ya SSD, na picha kwenye diski kubwa peke yake. Diski ya picha ikiharibika, seva itaendelea kuwaka na kutoa taarifa.

3. Pakia Linux, mfano Debian, ambayo haina malipo. Kisha pakia programu ya kurekodi. ZoneMinder ni ya zamani na imejaribiwa sana. Frigate ni ya baadaye na hutambua mtu, gari au mnyama, lakini huhitaji kompyuta yenye nguvu zaidi. Zote mbili ni za bure.

4. Ipange programu iandike picha kama zilivyotoka kwenye kamera, bila kuzibana upya. Kazi ya kubana upya ndiyo inayoichosha kompyuta ndogo. Kamera nyingi hutoa mikondo miwili, mkubwa na mdogo. Mkubwa uende kwenye diski, mdogo utumike kuchunguza mwendo na kutazamwa kwa simu.

5. Ingia katika mipangilio ya awali ya kompyuta na uchague ijiwashe yenyewe umeme unaporudi. Hatua hii husahauliwa, na seva hukaa imezimwa wiki nzima huku mwenyewe akidhani inarekodi.

6. Kila kamera ipewe anwani yake ya kudumu katika ruta, na jina linaloeleweka: geti, uwani, ghala, kaunta.

7. Badilisha nywila za kiwandani siku hiyo hiyo. Mwaka 2016 kirusi kiitwacho Mirai kiliteka kamera na ruta nyingi duniani kwa kujaribu nywila hizo tu, na Oktoba 21 mwaka huo jeshi la vifaa hivyo lilisimamisha tovuti kubwa za Marekani kwa saa kadhaa. Kamera zizuiwe kabisa kutoka nje ya nyumba. Zizungumze na seva tu.

8. Seva ifichwe. Isiwekwe chini ya kaunta wala sebuleni. Iwe ndani ya kabati la chuma lenye matundu ya hewa, katika chumba chenye kufuli. Darini kuna joto na panya.

9. Jaribu. Zima umeme na uhesabu betri inakaa muda gani. Washa na uone kama seva inarudi bila kuguswa. Toa kipande cha dakika moja, kifungue kwenye kompyuta nyingine. Jaribio hili lirudiwe kila mwezi.

KUTAZAMA UKIWA MBALI

Mwenye nyumba aliye Dar es Salaam au nje ya nchi atataka kuona. Njia mbaya ni kufungua mlango katika ruta ili dunia nzima ifikie seva. Njia nzuri ni kutumia njia ya siri ya VPN, kama WireGuard, kati ya simu na seva. Itakumbukwa kuwa Oktoba 2023 Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ilitoa tangazo la kuwataka watu na kampuni zinazotegemea VPN kuziandikisha. Mwenye kufunga njia hiyo afuate utaratibu huo kwanza.

Mkondo mdogo wa megabiti 0.3 kwa sekunde unakula megabaiti 135 kwa saa, kiasi ambacho bando la kawaida linakimudu. Pia seva inaweza kutuma nje picha moja moja pale mtu anapoonekana kwenye ghala usiku. Hiyo ndiyo bima dhidi ya mwizi atakayefanikiwa kuiba seva yenyewe: picha yake itakuwa imeshafika Dar es Salaam.

SHERIA, SAA NA JIRANI

Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, kifungu cha 18, inakubali ushahidi wa kielektroniki mahakamani. Lakini katika kuupima, mahakama inaangalia kama njia iliyotumika kutengeneza na kuhifadhi kumbukumbu ni ya kuaminika, na kama ukamilifu wake umetunzwa. Kwa hiyo tukio likitokea, faili lenyewe linakiliwe bila kukatwa wala kuongezwa maandishi, na iandikwe nani alilitoa, lini, na alilikabidhi kwa nani. Video iliyopigwa kwa simu kutoka kwenye kioo cha seva ni dhaifu.

Saa ni chanzo kingine cha matatizo. Seva huandika 20:00, mlalamikaji husema saa mbili usiku. Huandika 02:00, na asiyezoea husoma saa mbili. Katika maelezo ya polisi ziandikwe zote mbili, mfano "saa 02:00 ya mashine, yaani saa nane usiku". Kosa la saa sita linaweza kumtoa mhusika nje ya picha.

Ibara ya 16 ya Katiba inalinda faragha ya mtu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 1, 2023, na imeunda Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ambako wakusanyaji wa taarifa za watu wanatakiwa kujisajili. Picha ya uso wa mteja ni taarifa yake. Mwenye duka anayerekodi wateja aulize Tume kuhusu wajibu wake, abandike tangazo mlangoni kuwa kuna kamera, na asitunze picha muda mrefu kuliko anavyohitaji.

Vijijini, vihamba vimepakana na mpaka wenyewe mara nyingi ni mstari wa masale. Kamera inayotazama uwani kwa jirani huzaa kesi kabla ya kukamata mwizi. Ielekezwe getini na mlangoni kwa ghala. Vilevile mama au baba aliyeko nyumbani, na kijana anayewasaidia, waambiwe wazi kamera ziko wapi na zinaona nini. Kamera isiwekwe jikoni wala chumbani. Kijana aliyefichwa habari akigundua kuwa anatazamwa kutoka Dar es Salaam ataondoka, na kamera hailishi ng'ombe wala haimpeleki mzee hospitali.

MPANGILIO WA FEDHA

Mwekezaji mdogo ana swali moja la mwisho: je, inalipa? Chukua mfano wa mfumo mzima uliogharimu shilingi 900,000 na kupangiwa miaka mitano. Hiyo ni shilingi 180,000 kwa mwaka. Umeme ulioongezeka katika ile nyumba ya mfano ni shilingi 3,240 kwa mwezi, au 38,880 kwa mwaka. Jumla ni shilingi 218,880, karibu shilingi 18,240 kwa mwezi. Kila mtu aweke tarakimu zake, kisha alinganishe na thamani ya mali inayolala ndani usiku mmoja. Kwa stoo yenye magunia ya kahawa, simu za kuuza au vipuri vya pikipiki, gharama hiyo ni ndogo. Kwa nyumba yenye viti na televisheni ya zamani, kufuli bora na taa ya nje zinatosha.

Anayeamua kununua afuate mpangilio huu. Kwanza kompyuta ndogo na diski ya ulinzi. Pili betri, inveta na kinga ya radi. Tatu swichi ya PoE na waya bora. Kamera ziwe za mwisho, na zianze mbili: moja ya geti, moja ya mlango wa mali. Wengi huanza na kamera nane za bei poa, fedha ikaisha kabla ya betri, na umeme unapokatika usiku mfumo wote unalala pamoja na mlinzi. Mwenye fedha ya kamera nne bila betri anunue kamera mbili na betri.